Bango la WhatsApp si kadi ya kupigwa chapa

KWA MHARIRI,

Nipe nafasi niwaombe wanaoandaa sherehe za kuzaliwa: bango mlilotumiana kwa WhatsApp msituletee tuligeuze kadi ya kubonyezwa. Kila wiki nanyoshewa simu hapa mezani pangu Ngara. Kwenye kioo kuna uso wa mwenye siku yake, baluni za rangi ya dhahabu, keki, dua ndefu, ramani ya ukumbi na namba ya Paybill. "Mama, tutolee hii hii, ila iwe yale maandishi yaliyozama."

Haitoki, na si uvivu wetu. Kadi hiyo hutengenezwa kwa bloki, yaani kibao chenye maandishi na michoro iliyoinuka, iliyopakwa wino na kubonyezwa kwenye karatasi kwa nguvu. Kirinyaga Road bado utazikuta mashine za chapa za Heidelberg zenye mikono miwili inayozunguka ikidaka karatasi moja moja. Ziliacha kuundwa 1985, na siku hizi kazi yake hasa ni kutia namba vitabu vya risiti na kukata maboksi. Mashine hii hupiga rangi moja kwa mara moja. Ukitaka ya pili, rola zioshwe, bloki nyingine ifungwe, karatasi zote zirudiwe. Sasa piga hesabu ya baluni za rangi saba.

Uso wa mtu ndio unaotukosanisha zaidi. Mahali papana penye wino mzito hutoka mabaka, na kule kuzama mnakokutaka hakuonekani, kwa kuwa nguvu ya mashine imetawanyika. Mistari na herufi ndizo huzama zikapendeza, mradi zisiwe nyembamba kama uzi, maana hizo hukatika.

Majuzi walinijia vijana wa Majengo, Pumwani. Nyanya yao anatimiza miaka 80 na walitaka picha yake amejifunga leso. Tulivutana kidogo, kisha nikawaomba waniletee leso yenyewe. Leso ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji, ule uwanja wa katikati, na chini ina jina, yaani msemo wake. Mpangilio wa kadi ulikuwa pale tayari! Nilichora pindo lile la korosho kwa mistari mitupu, mji nikauacha mweupe uwe na tarehe na mahali, na pale penye jina la leso nikaweka jina la nyanya. Wino mmoja tu, kijani kilichoiva. Mjukuu mmoja alikuwa ameandika 2.00, mwingine 8.00, nikaandika kwa maneno, saa nane mchana, kwa sababu bloki ikishatoka hakuna kufuta. Ramani na Paybill waliwatumia watu kwa simu. Huko ndiko mahali pake.

Karatasi nayo ina maneno. Ile ngumu inayong'aa haizami, na ukiilazimisha hupasuka uso. Ile ya kuandikia barua, ya gramu 100 kwa mita ya mraba, alama hutokeza upande wa pili. Tafuteni laini iliyoshiba, ya pamba mkiipata, kuanzia gramu 300. Na msichague nyeusi mkitaka maandishi ya rangi hafifu, kwa kuwa wino wetu haufuniki kilicho chini yake.

Nacheka nikimkumbuka mzee aliyenifunza kazi River Road enzi za herufi za madini ya risasi. Alama ikitokeza nyuma ya karatasi, alikurudisha ukarekebishe mashine. Risasi ni laini, ikibonyezwa sana inachakaa, kwa hiyo yeye alitaka wino uguse tu. Leo wateja wanalipia kile alichokuwa akikikemea.

Kuna duka moja mjini, sitalitaja, linalouza kadi za printa ya kawaida kwa bei ya hizi. Kabla ya kulipa, pitisha kidole juu ya maandishi. Kama kinateleza bila kushuka popote, dai bei ya printa.

Mwisho, agizeni za akiba mara moja. Kuifunga bloki na kuipima mashine ni kazi ile ile kwa kadi 50 au 200, na shangazi aliyesahauliwa hakosekani. Bahasha pia ziagizwe pamoja na kadi, kwa kuwa karatasi nene hivi hukwama kwenye nyingi zinazouzwa madukani.

MPANGA KADI,
Ngara, Nairobi