Halloween: magari yanatisha kuliko pipi

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba inapokaribia kwisha, sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Minnesota, Marekani, tunatumiana ujumbe wa sauti: msiwape watoto pipi za Halloween, zimetiwa sumu. Halloween ni jioni ya Oktoba 31, watoto wanapovaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Pipi zikaguliwe, sawa, na yenye karatasi iliyofunguka itupwe. Lakini kile kisa kinachotajwa kila mwaka, cha mtoto aliyekufa Texas mwaka 1974, sumu ile alitiliwa na baba yake mzazi.

Mimi naogopa magari. Utafiti uliochapishwa na jarida la kitabibu la watoto, JAMA Pediatrics, ulipitia ajali za Marekani za tangu 1975 hadi 2016, ukakuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween imezidi kwa asilimia 43 ile ya jioni za kawaida. Walio hatarini zaidi ni watoto wa miaka 4 hadi 8.

Mwaka jana nusura yanikute. Mwanangu wa miaka 6 alivaa joho jeusi na kinyago cha plastiki. Kinyago kikateleza, matundu ya macho yakashukia mashavuni. Akaona taa imewashwa barazani ng'ambo ya mtaa, na siku hiyo taa ya barazani ndiyo ishara ya kukaribishwa, akachomoka katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa. Nikasikia breki. Nilipomkamata, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na mfuko wa pipi kaukumbatia kifuani. Dereva, mama wa makamo, alishuka akitetemeka kunishinda. Hakuwa na kosa. Angemwonaje?

Tangu hapo kinyago hakiingii kwangu. Nampaka rangi usoni. Joho nimelipunguza lisimkwaze, na mgongoni nimeshona utepe unaong'aa ukimulikwa, kama wa mafundi wa barabara. Vazi nanunua kubwa ili koti livaliwe ndani, kwa sababu mtoto hakubali koti limfiche nguo yake, na ugomvi huo tunao mlangoni kila mwaka. Baridi ya hapa si ya kuchezea: wenyeji bado wanasimulia theluji iliyoanza siku ya Halloween mwaka 1991, ikafika inchi 28 hapa Minneapolis na St. Paul.

Nimelelewa Tanga. Siku ya Idi tulipita nyumba kwa nyumba kupewa mkono wa Idi, watoto peke yetu, mchana kweupe, na kila mlango alikuwepo anayemjua mama. Nadhani ndiyo maana wengi wetu huwaachia watoto wakubwa wawaongoze wadogo. Hapa tarehe 31 jua huzama kama saa kumi na mbili, wakati watu wanatoka kazini na magari yao.

Najua wengi tuna zamu za jioni. Basi tupangane: asiye kazini achukue na watoto wa jirani, tochi mkononi. Mimi mwaka huu naweza kuongeza wawili.

Mzazi,
St. Paul, Minnesota