Shukrani kwa kaka fundi wa Kikatiti

Kaka uliyesimama Kikatiti Jumamosi mchana, mwenye ovaroli ya bluu na kimashine cha kupimia magari kwenye begi, asante sana. Jina hukuniachia na hela ya ufundi uliikataa, basi naomba ujumbe huu ukufikie.

Nilikuwa natoka Moshi kumpeleka mama hospitali Arusha. Gari ilianza kumisi tangu Boma Ng'ombe: kwenye kilima inatetemeka, haivuti, taa ya injini inawaka na kuzima. Ulinieleza kwamba taa ikifanya hivyo, petroli isiyoungua inaingia kwenye egzosi na kuua masega (kile kichujio cha moshi ndani ya egzosi), kwa hiyo nisiilazimishe. Masega yenyewe bei yake tunaijua!

Kilichonigusa zaidi ni utulivu wako. Mashine ilisoma kodi ya hitilafu P0303, yaani silinda ya tatu ndiyo inayomisi. Wapo ambao hapo hapo wangeninunulisha plagi zote na koili zote, vile vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi. Wewe ulihamisha koili ya namba tatu ukaiweka namba moja, ukafuta ile kodi kwenye mashine, ukawasha. Ikaja P0301, yaani sasa inamisi silinda ya kwanza. "Umeona dada? Ugonjwa umehama na koili." Ukanionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye mpira wake, na alama nyeusi pale moto ulipokuwa unavujia. Ukampigia muuza spea wa Usa River, koili ikaletwa na bodaboda, injini ikatulia kabisa.

Mama alifika salama na anaendelea vizuri. Anakusalimu sana, na anasema ukipita Moshi mtori wako upo.