Mwaka mpya tuulizane tunaandika nini

Mhariri,

Tangu Jumatatu ukurasa wako wa barua umejaa maazimio ya mwaka. Huyu ataacha sigara, yule atapunguza tumbo, mwingine ataamka alfajiri bila kuamshwa. Nimehesabu barua tatu zinazosema, "Mwaka huu nitaandika kitabu." Hizo tatu ndizo zilizonitoa barazani nikaingia ndani kutafuta kalamu, maana sentensi hiyo naijua kwa hati yangu mwenyewe.

Mwaka juzi tulibandua kalenda kuukuu nyuma ya mlango wa chumba chetu hapa Langoni ili ukuta upakwe chokaa. Nilikuwa na desturi, kila Januari, ya kuandika maazimio yangu nyuma ya kalenda ya duka. Zilitoka kalenda tisa. Katika sita kati ya hizo, mstari wa pili au wa tatu, nimeandika: kuandika kitabu. Na ndani ya nyumba hapakuwa na hata ukurasa mmoja wa kitabu hicho. Mke wangu alizikunja, akaniuliza kama azitupe. Nikamwambia ngoja kwanza. Nilikaa nazo mapajani mpaka adhana ya alasiri.

Nilichokiona siku ile ni kwamba sikuwa nimepanga kazi yoyote. "Kuandika kitabu" haisemi kitabu gani, kinamhusu nani, nani atakisoma, kitakwisha lini. Lilikuwa neno juu yangu mimi, jinsi ninavyotamani niwe. Fundi wa Matondoni haamki siku moja akatangaza kwamba mwaka huu ataunda vyombo. Husema nitaunda mashua ya fulani, ya kuvulia, ya mikono kadhaa, na nataka ishuke majini kabla kaskazi haijaanza. Baada ya hapo ndipo anapokwenda kutafuta mbao.

Basi nikajiuliza ni mashua gani hiyo ninayoijua mimi. Baba yangu alikuwa mkata mikoko, na mimi nilikuwa karani wa boriti. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya chombo na kuhesabu miti inapopakiwa, korija kwa korija, miti ishirini kila korija, huku wapakiaji wakiitikia hesabu kwa sauti. Zamani majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Nilikuwa kijana wa miaka 20, daftari langu la hesabu halijafika nusu. Sikuandika barua hii kulalamikia marufuku hayo. Mikoko ilikuwa inakwisha na mtu mwenye macho aliona. Ninachosema ni kwamba wale wakataji waliacha kwenda mikokoni, na maneno yao yakabaki mdomoni mwa watu wachache ambao kila mwaka tunawazika.

Kijana wa leo akiona mti wa mkoko uliokatwa huuita boriti, basi. Baba aliuzungushia kiganja akautaja jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na yale manene ya kupita hapo. Kati ya aina za mikoko, aliujua mkandaa kwa gamba lake na muia kwa uzito wake begani. Nikaamua nitaandika usiku za mikokoni nilizokwenda na baba, si maisha yake yote, wala si historia ya Lamu. Msomaji wangu ni mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yenye taa.

Ikabaki kipimo. Wanaozijua nyumba za mawe za mji huu wanajua kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Mwenye nyumba angependa chumba kipana, lakini dari hubebwa na boriti, na boriti ina urefu wake. Nami nilihitaji boriti yangu, kitu cha kunikatia upana. Nikakumbuka miongo.

Siku hizi redioni wakisema mwongo wanakusudia miaka kumi. Kwa mabaharia wa pwani mwongo ulikuwa siku kumi. Mwaka wao wa jua waliugawa miongo 36, zikabaki siku tano, na kwa hesabu hiyo walijua upepo uko wapi na chombo kikae au kiondoke. Mwaka huo wala hauanzi Januari, siku yake ya kwanza huangukia ndani ya kusi, lakini hesabu ni ya mtu yeyote anayetaka kuitumia. Baba aliichonga kwa kisu kwenye ubao wa mlango wa jikoni. Mimi nikaichora kwenye jalada la daftari, vyumba 36, nikaanzia tarehe mosi Januari. Kila mwongo ukurasa mmoja, usiku mmoja wa mikokoni. Zile siku tano za mwisho, za kushona daftari na kulitolea nakala.

Siku kumi ni nyingi kwa ukurasa mmoja, na hapo ndipo penye heri yake. Siku mbili za kwanza nilikuwa nakumbuka tu. Ya tatu nauliza watu. Nikifika ya saba naandika, ya nane nafuta, ya tisa naandika upya. Siku ya kumi, baada ya alasiri, nausoma barazani mbele ya wazee wanne na yeyote apitaye na punda wake akasimama.

Sikujua kusoma mbele za watu kungeitengeneza kazi kiasi kile. Ukurasa wa tano niliandika kwamba mimi na baba tuliingia ndani kabisa ya kijito usiku, maji yamejaa, mwezi mchanga wa siku saba. Mzee mmoja aliyekata mikoko miaka mingi alinyanyua mkono kabla sijafika mwisho. "Bwana karani, mwezi wa siku saba ni maji mafu. Mashua yenye mzigo ingefika wapi?" Alisema kweli. Chombo huingia ndani kwa bamvua, maji yakijaa sana, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Niliuchukua ukurasa nikarudi nao, na nilipolala usiku ule nikauona mwezi wenyewe, mpevu, umekaa juu ya majani ya mikoko, na kivuli cha baba juu ya matope akivuta kamba. Nilikuwa nimeusahau uso wake wa usiku ule kwa miaka zaidi ya arubaini. Kosa la mwezi ndilo lililonirudishia.

Lazima nieleze pia niliyokosa, kwa sababu wengi huacha papo hapo. Mwongo mmoja wa Ramadhani ulinipita mtupu. Mke wangu alipolazwa Mombasa ilipita mitatu, sikushika kalamu. Mingine niliipoteza kwa sababu nisizoweza kuzitetea. Kwa azimio ningekuwa nimeshavunja ahadi mwezi wa tatu na kulitupa daftari uvunguni hadi Januari nyingine. Lakini chumba kimoja kitupu kwenye jalada hakiviharibu vile vilivyojaa. Nilijiwekea sharti kwamba mwongo uliopita haudaiwi. Naandika wa leo. Mwaka ulipokwisha kurasa zilikuwa 27.

Watu hupenda kuniambia kwamba kuandika ni kwa waliosoma. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake karibu na mwaka 1858, beti mia na ushei, kwa ajili ya binti yake. Alikuwa ameugua mwaka mzima. Anamwita mwanawe asogee karibu, na miongoni mwa maneno yake ya mwanzo kabisa anamwambia atwae wino na karatasi. Mtoto yupo, neno la kumwambia lipo, na muda alijua ni mfupi. Nikiusoma utendi ule siuoni mahali mama huyo anapojiahidi kuwa mtunzi.

Naye alitunga kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa mdogo, mwalimu wangu mmoja alizungushia wino mwekundu kila "moya" niliyoandika, kila "nti" na kila "ndia", badala ya "moja", "nchi" na "njia", mpaka nikaamini kwamba lugha ya nyumbani ni makosa ya tahajia. Nadhani kalenda zile sita zilikaa tupu kwa sehemu kwa sababu hiyo: kila nikitaka kumwandika baba, aliniongelesha kwa maneno yasiyoruhusiwa. Katika daftari hili baba anasema kama alivyosema. Imbu ni imbu, si mbu. Msimulizi, ambaye ni mimi, naandika Kiswahili cha gazetini kama hiki. Mjukuu ananielewa kote kuwili.

Jirani yangu hushona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vinavyomchukua miezi. Aliposikia habari za miongo alikaa kimya, kisha akasema, "Lakini kaka, hata kofia sianzi kwa kusema nitashona sana. Naichora kwanza, nikajua inaishia wapi." Sasa anakusanya nyimbo za vugo zilizoimbwa katika arusi ya dada yake mkubwa, arusi hiyo moja tu. Yeye anaimba, bintiye wa kidato cha pili anaandika. Wana nyimbo kumi na moja na wanagombana juu ya ya kumi na mbili, kama iliimbwa siku ile au binti aliisikia kwingine. Ugomvi huo napenda kuusikia ukipenya ukutani.

Mhariri, ombi langu ni dogo na liko ndani ya uwezo wako. Januari ijayo usituulize tumeazimia nini. Tuulize tunaandika nini, kwa ajili ya nani, na tutamaliza lini. Chapa majibu mafupi, mistari mitatu kwa kila mtu: mvuvi wa Kizingitini anayeandika majina ya miamba, mama wa Malindi anayemwandikia mwanawe aliyeko Qatar barua kumi na mbili, mwanafunzi wa Witu mwenye hadithi moja tu kichwani. Desemba rudi kwa watu walewale, uwape nafasi ya aya moja kutoka katika walichoandika, hata kama hakijakamilika. Hao watatu walioandika juma hili kwamba wataandika kitabu, nawaomba wakuletee barua nyingine wakisema ni kitabu gani. Nitazisubiri.

Nakala ya daftari langu nitaipeleka maktaba iliyomo Ngomeni, kama watakubali kuipokea hivyo ilivyo, imeshonwa kwa uzi wa kofia. Vyumba tisa vitupu kwenye jalada nimevihamishia mwaka huu. Ukurasa wa 28 nimeuanza jana. Ni usiku tuliokwama kwenye fungu upande wa Manda, maji yametukimbia, na baba akaniambia nilale, yeye atayangoja.

Karani wa boriti mstaafu,
Langoni, Lamu