Barua ya wazi kwenu mlioteuliwa bodini: usalama wa mtoto si ajenda ya tisa

Wanangu na wadogo zangu,

Hongereni kwa kuteuliwa. Baadhi yenu ni wa kwanza kutoka kwetu kuketi kwenye bodi za mashirika haya ya kimataifa ya watoto, yale ambayo ofisi zao kuu ziko London, Geneva au Vienna, na najua jamaa zenu wameshawafanyia sherehe. Ni halali yenu. Mimi nina neno moja kubwa na mengine madogo, na hilo kubwa nalitoa nikiwa na hasira.

Nimesoma muhtasari wa kikao cha bodi ya shirika mojawapo, jina silitaji. Ajenda zilikuwa kumi na moja. Ya tatu ilihusu nembo mpya, na mjadala wake umejaza kurasa mbili. Ya tisa, dakika kumi kabla ya chakula cha mchana, ilikuwa taarifa ya ulinzi wa mtoto. Hiyo imepewa mstari mmoja: imewasilishwa, imepokelewa, mwasilishaji amepongezwa. Ukifungua kiambatisho unakuta zaidi ya nusu ya nchi zimeandika sifuri. Mwaka mzima, malalamiko sifuri. Na watu wazima, wasomi, wakapongeza!

Sikieni. Shirika lenye maelfu ya watoto, madereva, walinzi, wapishi, walimu wa kujitolea na wageni wenye kamera haliwezi kumaliza miezi kumi na miwili bila mtoto hata mmoja kuwa na la kusema. Sifuri maana yake njia ya kusemea imeziba. Nchi iliyoleta malalamiko kumi na manne mnaweza kuanza kuiamini. Iliyoleta sifuri ndiyo ya kupelekewa mtu wiki ijayo.

Na njia huziba kwa vitu vidogo visivyoonekana kutoka ukumbi wa mikutano. Chukueni sanduku la maoni, ambalo kila shirika hujisifia. Limetundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya msimamizi wa kituo, kwa hiyo anayetumbukiza karatasi anaonekana dirishani. Liko juu, mtoto wa miaka saba halifikii. Maelezo yake ni ya Kiingereza. Karatasi hakuna, kalamu hakuna. Kufuli lina ufunguo mmoja, nao umo kwenye droo ya msimamizi yuleyule ambaye huenda ndiye anayelalamikiwa. Kisha mwishoni mwa mwaka tunaandikiwa kwamba sanduku lilikuwa tupu.

Tiba yake haina gharama. Wekeni kufuli mbili zenye funguo tofauti, ufunguo mmoja ukae kwa mtu asiyelipwa na kituo: afisa ustawi wa jamii, au mjumbe wa kamati ya wazazi. Lifunguliwe siku ileile kila wiki mbele ya watu wawili, na daftari lisainiwe hata pale lisipokuwa na kitu. Kwa Kenya na Tanzania, namba 116, simu ya bure ya mtoto, iandikwe ukutani kwa usawa wa macho ya mtoto. Halafu jueni kwamba watoto wengi hawaandiki. Humwambia mtu wanayemwamini, na mara nyingi mtu huyo ni mpishi au mama wa bweni. Ulizeni kama mpishi naye alipewa mafunzo, au mafunzo yaliishia kwa wenye kompyuta.

Msidhani hizi ni hofu za mzee. Mwaka 2002 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na Save the Children ya Uingereza, shirika la watoto, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwenye kambi za wakimbizi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Walisimuliwa watoto waliotumiwa kingono ili wapate chakula cha msaada, na watuhumiwa waliotajwa walitoka kwenye mashirika yapatayo 40. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaweka kanuni: mfanyakazi wa misaada haruhusiwi kufanya ngono na mtu wa chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi ile inaruhusu umri mdogo zaidi, na kusema "sikujua umri wake" si utetezi. Miaka kumi na sita baada ya kanuni hiyo, mwaka 2019, ripoti ya Tume ya Mashirika ya Hisani ya England na Wales kuhusu shirika la misaada la Oxfam na tuhuma za ngono dhidi ya wafanyakazi wake Haiti ilieleza juu ya barua pepe za malalamiko za mtu aliyejitambulisha kuwa msichana wa miaka 13. Shirika lilishuku kwamba hazikuwa za kweli, na Tume ikasema lingepaswa kujitahidi zaidi kujua ukweli wake. Kanuni zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Basi ulizeni. Taarifa ya ulinzi wa mtoto inayostahili kuitwa taarifa ina mambo haya: malalamiko ya kila nchi yakiwekwa karibu na idadi ya watoto wanaohudumiwa huko, nani aliyeleta, mtoto, mzazi, mfanyakazi au mtu wa nje, kwa njia ipi, saa zilizopita hadi mtoto akahakikishiwa usalama, siku zilizopita hadi shauri likafungwa, mangapi yalifikishwa polisi, na kama hayakufikishwa ni kwa nini, mtoto alipata msaada gani, wa daktari, wa ushauri, wa kisheria. Mwisho, mtuhumiwa yuko wapi leo. Swali hili la mwisho msilisamehe. Mtu huachishwa kazi kimyakimya kwa "makubaliano", anapewa barua nzuri ya utambulisho, na miezi mitatu baadaye anaajiriwa na shirika la jirani. Tangu 2019 upo mpango ambao mashirika hupeana taarifa za utovu wa maadili za mwombaji kazi kwa miaka mitano iliyotangulia. Ulizeni kama shirika lenu limejiunga, na kama linajibu wenzake wanapouliza.

Ajenda hii iwe ya kwanza baada ya yatokanayo. Ipewe dakika arobaini. Mkuu wa ulinzi wa mtoto akutane na bodi walau mara mbili kwa mwaka bila mkurugenzi mtendaji kuwemo chumbani. Mkurugenzi akinuna, mna la kujiuliza. Na iandikwe mapema: malalamiko dhidi ya mkurugenzi yanakwenda kwa mwenyekiti, dhidi ya mwenyekiti yanakwenda kwa makamu, na ndani ya siku chache wajumbe wote wanajua kwamba shauri lipo, hata kama majina yamehifadhiwa.

Kwa nini wajumbe wote? Mwaka 2020 Tume ileile ilitoa ripoti juu ya Save the Children ya Uingereza na namna ilivyoshughulikia malalamiko ya wafanyakazi wanawake dhidi ya viongozi wa juu. Moja ya kasoro ilikuwa kwamba taarifa hazikuwafikia wajumbe wote wa bodi. Hili ni shirika lililoasisiwa mwaka 1919, na mwasisi wake, Eglantyne Jebb, ndiye aliyeandika rasimu ya Tamko la Geneva la haki za mtoto lililopitishwa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1924. Historia njema haiwalindi watoto.

Wala mwanzilishi hawalindi. SOS, shirika la vijiji vya watoto, ilianzia Imst, Austria, mwaka 1949, na picha ya mwanzilishi wake, Hermann Gmeiner, ilitundikwa vijijini mwake dunia nzima, mpaka huku kwetu. Mwaka 2025 tawi la Austria lenyewe lilitangaza kwamba Gmeiner, aliyefariki mwaka 1986, anatuhumiwa kuwadhulumu watoto wa kiume wasiopungua wanane. Baadhi yao walikwisha kulipwa fidia kabla, bila umma kuambiwa. Fikirini mtoto anayetaka kumshtaki mtu ambaye picha yake imening'inia juu ya meza anayolia chakula.

Hapa nigeuke nyumbani, maana kuwanyooshea wazungu kidole ni rahisi. Sisi ndio mabingwa wa kumaliza mambo kifamilia. Binti ameharibiwa, wazee wanakaa, mbuzi au bahasha inabadilishana mikono, mjumbe wa nyumba kumi anashuhudia, na kesho kesi polisi haina shahidi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa azifikishe serikali za mitaa, na kwenye vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Bado tunaogopa aibu kuliko tunavyoogopa jeraha. Mkienda huko bodini msibebe tabia hii mkaiita utamaduni. Mwenzenu kutoka Ulaya ataogopa kuwapinga asije akaonekana mbaguzi, na mtoto ndiye atakayelipa.

Fedha. Salio la benki lisiwalaze usingizi mzuri. Tuseme akaunti ina dola milioni 9, na milioni 8.2 zimefungwa na masharti ya wafadhili. Za kwenu ni laki nane. Kama mishahara na pango la mwezi ni laki tatu, hamfikishi miezi mitatu. Kids Company, shirika la watoto la Uingereza, ilifungwa Agosti 2015, siku chache baada ya kupokea pauni milioni 3 za serikali, kwa sababu haikuwa na akiba ya kuhimili mshtuko. Mahakama ilikuja kuwasafisha wajumbe wake mwaka 2021, lakini watoto walikuwa wameshakuta milango imefungwa. Na mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa ghafla, tuliona tena vituo vikifungwa bila mtu kuwaaga watoto. Kila mradi uwe na mpango wa kuondoka ulioandikwa siku unapoanza: nani atamchukua mtoto, faili lake linakwenda wapi, dawa zake zinatoka kwa nani.

Mengine nayataja tu. Ukomo wa mjumbe uwe vipindi viwili vya miaka mitatu. Daftari la mgongano wa maslahi lijazwe kila mwaka, shemeji mwenye kampuni ya ujenzi akiwemo. Mkaguzi wa nje akutane na wajumbe peke yao. Hati safi ya ukaguzi haisemi chochote kuhusu watoto. Akidi isipotimia, ahirisheni. Msijenge mabweni mapya wakati Kenya, kwa mkakati wake wa 2022 hadi 2032, inawarudisha watoto kwenye familia. Msidai posho ya kikao. Nauli na malazi vinatosha. Mkitembelea kituo, mkaguliwe kumbukumbu za polisi kama mfanyakazi mwingine yeyote, msikae na mtoto faraghani, msigawe pipi wala fedha, na simu zibaki mifukoni.

Karatasi za kikao zinapaswa kuwafikia wiki mbili kabla. Zikija siku tatu kabla, kurasa mia tatu kwa pamoja, mwandikieni katibu kwamba hamjazisoma na hamtapitisha kitu.

Nawapenda, ndiyo maana nimefoka.

Mzee wenu, mjumbe mstaafu