Nawadai kahawa tisa

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu niko gengi la reli napanga mataruma, na sijawahi kuwaandikia. Safari hii mmenichokoza. Ile habari yenu kwamba Dar es Salaam hadi Dodoma tuna "reli ya kasi ya juu kama ya Japani" imenitia hasara.

Kijiweni kwetu Temeke nilisema reli yetu ni nzuri, ya umeme, ila si ya kasi ya juu. Vijana wakacheka, mzee ana wivu huyu. Tukawekeana kahawa. Mmoja akakunjua gazeti lenu, akasoma kwa sauti, kesi ikaisha: gazeti limeandika! Nikalipa vikombe tisa, na kashata juu.

Sasa nisikilizeni. Shirikisho la kimataifa la reli, UIC, huita njia mpya ya kasi ya juu ikiwa imejengwa kwa kilomita 250 kwa saa au zaidi. Ya zamani iliyoboreshwa, 200 hivi. Yetu imesanifiwa 160. Wajapani wenyewe, mwaka 1964, Tokyo hadi Osaka, walianza na 210, na ili wafike hapo kona walizilegeza hadi nusukipenyo, yaani toka kitovu cha duara hadi njia yenyewe, kiwe mita 2,500. Kona, Mhariri! Hapo ndipo pesa huliwa, si kwenye pua ya treni iliyochongoka mnayoipiga picha. Kwa mwendo ule dereva hasomi tena taa za kando ya njia. Ishara humjia ndani ya kichwa cha treni. Na mwandishi wenu anadhani SGR, wanavyoiita reli yetu, ni jina la mbio. Ni upana tu wa njia, toka chuma hadi chuma, milimita 1,435, na behewa la mzigo linalojikokota hupita humohumo.

Mji huu unaumwa majina. Nilipanda basi la Korogwe limeandikwa "Ekspresi" ubavuni, likasimama kila palipo na mtu mwenye kuku, na kiti changu kimefungwa kwa kamba ya katani.

Reli siichukii. Dodoma nimekwenda nayo mara mbili, chai haikumwagika.

Basi kila mkiandika "kasi ya juu", wekeni namba pembeni, kama daktari anavyoandika dozi. Pesa yenu siitaki. Chapeni sahihisho, ukurasa uleule, herufi zilezile, kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa yule kijana huja kijiweni, na lile gazeti bado anatembea nalo.

Mstaafu wa gengi,
Temeke, Dar es Salaam