Nyemo, ada usiikopee kausha damu

Mwanangu Nyemo,

Mbukwa. Huku Kongwa hatujambo, isipokuwa joto la Oktoba na vumbi. Goti la mama yako limetulia. Nakuandikia kwa mkono, kijana wa mwalimu atazipiga picha karatasi hizi akutumie kwenye WhatsApp. Kwenye simu huniachi nimalize neno, na mimi nikikasirika nakata.

Ndugu yako Daudi ameniambia. Usimlaumu, nilimbana mwenyewe. Ameniambia orodha ya kwanza ya Bodi ya Mikopo imetoka na jina lako halimo, na kwamba umeshapita kwa wale watu wa kausha damu, mikopo ya kurejesha kila siku, kuuliza fomu, ili ulipie ada ya kuanzia chuo kikuu. Usichukue hela ya wale watu. Mengine yote humu unaweza kuyapuuza, wewe ni mtu mzima na una mtoto mkubwa. Hilo moja usilipuuze.

Yule mama wa cherehani karibu na mashine ya kukoboa unamfahamu. Alikopa 300,000. Mkononi hazikufika zote, walikata kwanza ya fomu na kitu walichokiita bima. Akatakiwa arejeshe 12,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu, wewe ndiye msomi: ni 360,000 kwa mwezi mmoja. Kikomo cha riba kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Wale walichukua 60,000, ya fomu hatujaihesabu. Mtoto wake alipolazwa akaruka siku chache. Walikuja na bodaboda mbili wakabeba cherehani, halafu godoro, na wakati wote huo walikuwa wakimwita "mama" kwa heshima kabisa. Sasa anashona kwa mkono.

Na huyo alikuwa na mauzo ya kila siku. Deni la kila siku hulipwa na mtu anayeuza kila siku. Wewe ukishaingia darasani pale Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma, genge lako la Sabasaba litauza lenyewe? Bumu lenyewe, ile hela ya mkopo ya kujikimu, hata ukilipata linakuja kwa mafungu, unasaini leo, unakaa wiki na wiki mpaka fungu lingine. Yule anayekudai atakusubiri usaini? Atakufuata mpaka mlango wa bweni, na wewe si binti wa miaka ishirini kwamba wenzako watacheka kidogo wasahau.

Usiniambie utakopa kwenye simu badala yake. Hao ndio wanaotuma ujumbe kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na kibali. Sitaki siku moja mchungaji apokee ujumbe unaokuhusu. Mchungaji, kwa taarifa yako, anajua umepata chuo. Nilimwambia Jumapili ileile, ingawa ulisema nisimwambie mtu mpaka mkopo utoke. Akakutaja kwenye matangazo. Mama yako alijifunika kitenge usoni na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Najua kinachokukimbiza. Una miaka 33, na Bodi haimkopeshi mtu aliyezidi 35. Tena wanataka uwe umemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano iliyopita. Hili la pili linakupendelea, kwa sababu cheti chako bado kibichi, tofauti na wale waliomaliza zamani na sasa ndiyo wanakumbuka shule. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, mwaka huu ukikosa, mwakani bado umo. Mwaka wa mbele yake unakuwa pembeni kabisa, lakini umo. Mtu mwenye nafasi mwakani haendi kuwekea rehani friji na mizani yake mwezi huu.

Na bado hujakosa. Orodha ya Bodi hutoka kwa awamu, hata Daudi hakuwemo kwenye ya kwanza. Ingia kwenye ile akaunti yako ya SIPA, ya kwenye mtandao wa Bodi, uone imeandika nini, usitegemee majina yanayorushwa kwenye makundi. Kama kuna kitu wanataka kirekebishwe, kirekebishe siku hiyohiyo. Awamu zikiisha bila jina lako, dirisha la rufaa hufunguliwa, na rufaa ni karatasi, si machozi. Hapo nina neno. Wakati wa kujaza fomu ulinitaja kuwa mkulima na mfugaji, basi, kana kwamba nina ranchi. Mwaka huu alizeti imetoka magunia ya aibu, na ng'ombe waliobaki unawajua kwa majina. Kama rufaa itafika, nenda na barua ya mtendaji inayoeleza hali ilivyo. Nimeshaongea naye, mhuri wake upo na wino anao.

Nilicheka siku ile ulipokuja nisaini. Mama wa mtoto aliye kidato cha nne, bado fomu inauliza baba yako anafanya kazi gani, na inataka mdhamini aweke picha na kitambulisho. Nilicheka, halafu nikaona ni vizuri. Angalau kuna karatasi moja ya serikali inayosema bado wewe ni mtoto wangu. Cheti chako cha kuzaliwa tulikitafuta kwa shida, ulizaliwa nyumbani na hakuna aliyewaza kwamba RITA, wale wa vizazi na vifo, watakuja kuulizwa kama ulizaliwa kweli.

Kuhusu genge: uliuliza kama litakuharibia. Wanaozuiwa ni wenye ajira au mkataba wa kazi unaowapa kipato. Kuuza nyanya na dagaa si ajira, lakini ukiulizwa usifiche. Uongo mdogo kwenye fomu ya serikali huwa unazeeka vibaya.

Ulimwambia pia mama yako kwamba unaogopa deni la Bodi lenyewe, kwamba utamaliza na miaka 36 halafu uanze kukatwa. Hapo ndipo sikuelewi kabisa. Deni la Bodi unaliogopa na la kausha damu huliogopi! La Bodi unapewa miezi 24 baada ya kumaliza kabla ya kuanza kulipa. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwa mshahara wa 700,000 ni 105,000. Daudi anakatwa hivyohivyo kila mwezi huko Manyoni, na amejenga. Zamani kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ndiyo iliyofanya watu walipe bila deni kushuka, lakini iliondolewa mwaka 2021. Usipoajiriwa watakudai kwa utaratibu mwingine, na hawabebi godoro. Na habari ya kwamba utakuwa mzee wa kuajiriwa, matangazo ya ajira za serikali mara nyingi yanasema usizidi miaka 45. Piga hesabu tena.

Halafu hii aibu ya kusoma ukubwani mmeitoa wapi ninyi? Baada ya Azimio la Musoma, mwaka 1974, mtu akimaliza kidato cha sita alikuwa haendi chuo kikuu moja kwa moja, alitakiwa kwanza afanye kazi miaka miwili na apate sifa nzuri kazini. Darasani walikaa watu wenye ndevu na wenye watoto, hakuna aliyewashangaa, na serikali ndiyo iliyolipa. Bibi yako, ambaye jina lake unalo, alijifunza kusoma kwenye kisomo akiwa na wajukuu. Mkopo umekuja baadaye sana, hiyo Bodi yenyewe sheria yake ni ya 2004 na ilianza kazi 2005. Kwa hiyo ninyi mmekuta mlango uleule, ila sasa una karani.

Mambo ya kidato cha tatu siyarudii, unayajua kuliko mimi. Nasema tu waraka wa kuruhusu wasichana warudi shuleni baada ya kujifungua umetoka Novemba 2021, na wewe ulikuwa umesharudi kwa njia yako, kwa QT, ule mtihani wa waliokatishwa shule, kwa mtihani wa kujitegemea, ukisoma usiku genge limefungwa. Hakuna aliyekulipia. Najua utasema ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya Daudi hawakuuzwa kwa ajili yako. Wakati ule ng'ombe walikuwa wengi na mvua zilikuwa mvua. Haya, basi.

Sasa sikiliza hesabu yangu. Kile kikoba chako, unacho mwaka wa ngapi sasa? Mkopo wa kikoba unategemea hisa zako, na riba mnayolipa mnagawana wenyewe mwisho wa mwaka. Anza hapo. Waeleze kina mama ukweli, kwamba ni ada, na kwamba marejesho yawe ya mwezi. Wengine watasema wewe utawakimbia ukishakuwa mwalimu. Waache waseme, halafu wakupe. Pili, dume jeusi. Nimeshamwonesha dalali wa mnadani. Bei ya Oktoba ni mbaya, malisho yamekauka na ng'ombe wanaonekana mbavu, lakini ada haisubiri majani. Tatu, ile kamati ya harusi ya binamu yako imeniletea kadi ya mchango yenye kiwango kilichoandikwa tayari, kama bili ya maji. Nimewaambia nusu yake inakwenda chuo kikuu. Wamenuna. Sisi Watanzania tunachangia pilau ya siku moja kwa moyo mweupe, ukitaja ada watu wanaangalia saa.

Vikishindikana vyote, kuna Chuo Kikuu Huria, kituo chao kipo hapohapo Dodoma mjini. Unalipia masomo kidogo kidogo kwa kadiri unavyosajili, na genge linabaki wazi. Najua hutaki, unataka kukaa kwenye ukumbi kule mlimani na wenzako. Sikulazimishi. Ila usikiseme vibaya mbele yangu, mkuu wake wa kwanza alikuwa Mzee Malecela, Mgogo wetu, na watu wengi walio maofisini hapo Dodoma wamepitia huko usiku usiku.

Kilichoniuma zaidi ya fomu ya kausha damu ni kwamba ulikwenda kuwauliza wao kabla ya kuniuliza mimi. Labda uliona sina. Kweli sina, lakini mtu huulizwa.

Mwanao Joyce anafanya mtihani Novemba. Usimhamishie wasiwasi wako, nimemsikia kwenye simu akiuliza kama ataacha shule ili wewe usome. Mwambie ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, itabaki godoro, sare na michango, na hiyo ni kazi ya babu. Akimaliza aje huku apumzike, amsaidie bibi yake kupepeta karanga za mbegu. Asije na ile simu inayopiga kelele.

Paa la jiko limeezuliwa upande mmoja na upepo wa wiki iliyopita. Fundi anataka bati nne na misumari, namwambia asubiri kwanza, na mama yako anasema nikimwambia fundi asubiri tena atapika sebuleni. Ukipata mtu anayekuja huku na gari kutoka Dodoma, mpe lile dumu la lita ishirini ulilochukua Pasaka. Mbegu ya mtama wa muda mfupi ulizia bei pale mjini. Huku wanauza iliyochanganywa, mwaka jana nusu haikuota.

Mnada ni Jumamosi. Dalali anataka jibu kabla ya Alhamisi jioni, kwa hiyo nipigie ukishaongea na watu wa kikoba uniambie wametoa kiasi gani, nijue kama dume liende au libaki. Na uniambie kwa mdomo wako kwamba ile fomu umeirudisha bila kuijaza. Daudi nitamuuliza pia.

Baba yako

Mama yako anasema uache kunywa chai kavu asubuhi.