Kambi ya Pemba: mahali pa kulala na huduma

Assalaam alaykum wapendwa,

Suala la kambi limekaa sawa. Tutalala pembezoni mwa msitu wa Ngezi, si ufukweni Vumawimbi kama wengi mlivyoomba. Najua ufukwe ule unavutia, lakini siku zetu zimeangukia bamvua, na bahari ya huku hupanda na kushuka karibu mita 4. Sitaki mtu aamshwe na maji ndani ya hema. Na popote tutakapokuwa, msifunge hema chini ya mnazi. Nazi ikidondoka inaweza kuua.

Vyoo ni vya shimo, na vinasafishwa kila siku. Maji ya kuoga ni ya kisima, kwa ndoo na kata. Ya kunywa yatachemshwa jikoni, njooni na chupa zenu. Umeme wa sola unatosha taa na simu tu. Hadubini zetu ni za kioo, zinategemea mwanga wa jua, hivyo sampuli zote zichunguzwe mchana.

Naomba sana kuhusu popo wa Pemba. Hapatikani kokote duniani ila kisiwani humu, na uwindaji uliwahi kukaribia kummaliza. Miti wanamolala tutaitazama kwa mbali, bila kelele wala droni.

Tutapita vijijini, kwa hiyo mabega na magoti yafunikwe. Chandarua, tochi na viatu vya kufunika vidole ni lazima.

Mwenye mzio au dawa za kila siku aniandikie pembeni kabla ya Ijumaa.